Kunde za Kitalu cha Kiu

Siku ile, katika chumba cha mikutano cha kituo kimoja cha utafiti wa mazao, kwenye nchi ya joto isiyopata mvua nyingi, walikuwepo watu wazima wanne na mtoto mmoja. Alikuwepo Profesa Rwegasira, mkuu wa kituo, mtu wa maneno machache aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwepo Dakta Shirima, mtafiti wa mtama, ambaye hakosi utani hata msibani. Alikuwepo Dakta Hiari Mbwilo, mtafiti wa kunde, mwanamke wa miaka thelathini na mbili. Alikuwepo Bi. Sikudhani, kibarua wa shamba, aliyekuwa akimimina chai. Na mgongoni mwa Bi. Sikudhani, amefungwa kwa kanga, alikuwepo Tunu, mtoto wa Dakta Hiari, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, amelala.

Chai ile haikuwa ya kila siku. Ilikuwa na maandazi na karanga, kwa sababu asubuhi hiyo Hiari alikuwa amepata barua pepe kutoka kwenye jarida la wanasayansi. Makala yake ya kunde, baada ya kupitiwa na wahakiki wawili wa jarida, ilikuwa imekubaliwa.

Kwa mtu wa nje hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Kwa Hiari halikuwa dogo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, na kanuni ya kituo ilikuwa moja tu: mtafiti asiye na makala iliyokubaliwa na jarida linalojulikana haongezewi mkataba. Kamati ya ajira ilikuwa inakaa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Miezi minne namwota mhakiki wa pili," Hiari alisema huku akishika kikombe kwa mikono miwili. "Naota ananifuata sokoni ananiuliza maswali."

"Mhakiki wa pili hana mke, hana mtoto, hana hata paka," Shirima alijibu. "Wa kwanza anakusifu kidogo, anakwenda zake. Wa pili anakaa na makala yako kama mtu anayechambua mchele."

"Wangu aliuliza maswali kumi na saba."

"Wangu mimi aliuliza kama nina hakika mtama ni mmea."

Profesa Rwegasira alitabasamu ndani ya kikombe chake. "Si una lile jarida lako linalojibu siku hiyohiyo?"

"Profesa, lile tusilitaje mbele ya mtoto."

"Si lilikukubalia makala?"

"Lilinikubalia kabla sijaiambatanisha," Shirima alisema, na wote wakacheka, hata Bi. Sikudhani, ambaye hakujua majarida lakini alijua mtu anayejicheka.

Profesa alisogeza sahani ya maandazi upande wa Bi. Sikudhani, kisha akamwambia Hiari, "Hebu tusomee ule muhtasari, lakini kwa Kiswahili. Mama huyu amepalilia shamba lile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Naye asikie kazi yake imefika wapi."

Hiari alifungua kompyuta yake. Alieleza polepole, kwa maneno ya kawaida. Kiangazi kilichopita walipanda aina nane za kunde, na kila aina ikapandwa katika sehemu tatu tofauti zilizopangwa kwa kura. Kunde zilipofikisha wiki tano, walizifungia maji kabisa, ili waone ni aina ipi inayoweza kuzaa bila kunywa. Vibarua walikiita kitalu kile kitalu cha kiu. Aina saba zilidhoofika. Aina ya Nne ilizaa vizuri kuliko zote. Sehemu zake mbili zilibaki za kijani mpaka mavuno, na ile ya tatu ikaachwa nje ya hesabu kwa sababu ilishambuliwa na mchwa. Kwa hiyo makala ilikuwa inashauri kwamba mbegu ya Aina ya Nne igawiwe kwa wakulima wa nchi kavu.

Bi. Sikudhani alikuwa amesimama na birika mkononi, uso umejaa furaha.

"Nilijua tu," alisema. "Nilijua zile zitatuletea heri. Ni zile za karibu na bomba, siyo?"

"Ndizo hizo, mama," Hiari alisema. "Mbili zilikuwa upande wa bomba."

"Lakini mchwa pale hapana, Dakta. Nimepalilia pale miezi mitatu sijamwona mchwa hata mmoja. Ile ya tatu ilikuwa mbali, kule mwisho, haikupata maji tu."

Hiari aliinua macho. "Maji gani?"

"Yale ya kusuuzia nepi za Tunu." Bi. Sikudhani alieleza kwa fahari, kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha muda mrefu. "Si nilikuwa nafua pale bombani? Ya sabuni nilikuwa namwaga njiani. Yale ya mwisho, safi, nilikuwa nazitilia zile kunde. Zilikuwa zinatia huruma, majani yamelala kama masikio ya mbwa. Na kumwaga maji ovyo kwenye nchi hii, mtu anajisikia vibaya."

Shirima aliweka andazi lake chini.

"Kila siku, Bi. Sikudhani?" aliuliza taratibu.

"Kila siku, baba. Beseni asubuhi, beseni mchana. Mtoto wa miezi mitatu anachafua."

"Lakini si mliambiwa kitalu kile kisimwagiliwe?"

"Tuliambiwa tusifungue mpira wa maji. Sikuufungua hata siku moja, waulize wenzangu."

Hapo ndipo alipoziona nyuso zao. Aliangalia moja baada ya nyingine, kisha akaweka birika mezani kwa uangalifu mkubwa, kama vile nalo lingeweza kuvunjika.

"Nimeharibu?" aliuliza.

Profesa aliinuka, akavuta kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya Bi. Sikudhani. "Keti kwanza, mama," alisema. "Mtoto huyo mzito."

Bi. Sikudhani akaketi kwenye ukingo wa kiti, Tunu bado mgongoni.

Shirima alikwenda kufunga mlango. Alirudi akakaa karibu na Hiari, na safari hii hakuwa na utani.

"Dada, nisikilize. Humu ndani tupo wanne. Jarida limeshakubali, mwezi ujao linachapisha. Ukisema leo, makala inakwenda, na Ijumaa mkataba nao unakwenda. Kurudia jaribio ni kiangazi kizima, na kamati haingoji kiangazi. Kaa kimya, upate mkataba, kisha mwakani rudia taratibu uandike marekebisho. Watu wanafanya."

Hiari alifunga kompyuta yake taratibu.

"Au basi sema ukweli wote," Shirima aliendelea, akipunguza sauti. "Sema kibarua alivunja amri akaharibu jaribio. Bi. Sikudhani, utanisamehe, nafikiri kwa sauti tu. Mtafiti akiharibiwa kazi na kibarua, kosa si lake. Kamati itamwonea huruma. Labda wampe mwaka."

Bi. Sikudhani aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia jambo la haki. "Ni kweli," alisema. "Waambie ni mimi. Mimi nitapata kibarua kwingine, wewe una mtoto mchanga."

Hiari alimtazama mwanamke yule. Kwa mwaka mzima alimbebea mtoto bila kuombwa. Alipokuwa akihesabu maua juani, Bi. Sikudhani alikuwa akimletea uji kwenye chupa na kusimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mtoto akinyonya. Sasa alikuwa anajitoa yeye mwenyewe, kwa sauti ileile anayoitumia kusema chai imekwisha.

Lakini Hiari alifikiria pia chumba walichopanga. Alimfikiria mumewe, fundi umeme anayepata kazi wiki mbili na kukaa mwezi. Alifikiria miaka mitatu ya kuandika, kukataliwa na kuandika upya. Akajiambia kwamba majarida hayasomwi na watu wengi. Makala nyingi husomwa na aliyeziandika, na mhakiki wa pili. Nani angeumia?

Alikuwa karibu kusema "tunyamaze." Neno lilishafika mdomoni.

"Dakta," Bi. Sikudhani alisema, "naomba nikuulize kitu kimoja, kisha mniambie niende. Nilikuwa nimepanga nikuombe kikombe kimoja cha mbegu ya hiyo Aina ya Nne. Mama yangu kule kijijini mwaka jana hakuvuna kitu. Kishamba chake ni kidogo, hawezi kupanda mara mbili. Sasa nimpelekee, au nisimpelekee?"

Hakuuliza kwa ujanja. Alitaka jibu tu. Katika watu wote aliowajua, Hiari ndiye aliyesomea kunde.

Hiari alifungua mdomo kusema ndiyo. Ndiyo haikutoka.

"Usimpelekee, mama," alisema.

Na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, akajua makala imekwisha. Hawezi kumkataza mama wa Bi. Sikudhani halafu akawaruhusu mama za watu wengine.

Akafuta macho kwa kiganja. "Kuna jambo lingine," alisema, akimgeukia Profesa. "Mchwa sikuwaona. Niliona ile sehemu ya tatu imekauka wakati zile mbili ziko kijani, nikashindwa kuelewa. Nikatafuta sababu."

"Mimi ndiye niliyekwambia andika mchwa," Shirima alisema, akiangalia meza.

"Wewe ulisema tu, kaka. Mimi niliandika. Na mhakiki wa pili aliniuliza. Katika yale maswali kumi na saba, la tisa lilikuwa hilo: mmehakikisha ni mchwa? Nikamjibu ndiyo."

Tunu aliguna usingizini, na Bi. Sikudhani akamtingisha kidogo bila kujua kwamba anamtingisha.

"Makala ni yako," Profesa alisema mwishowe. "Jina la kwanza ni lako. Andika barua kwa mhariri, kisha niletee niisome kabla hujaituma."

Akachukua kikombe chake akatoka. Hiari alibaki akijiuliza kama mzee amekasirika au amesikitika, kwa kuwa mtu yule akinyamaza hajulikani.

Hiari alipotoka nje alimkuta Bi. Sikudhani, aliyemtangulia kutoka, ameshamfungua Tunu mgongoni na anaikunja kanga. Kando yake kulikuwa na mfuko wake wa kazini, na ndani ya mfuko jembe dogo na malapa yake.

"Nimekungoja nikukabidhi mtoto," alisema. "Niage mwenyewe kabla sijafukuzwa."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Kesho saa mbili nakutaka shambani," Hiari alisema. "Uje na beseni. Lile ulilokuwa unafulia."

Bi. Sikudhani alimwangalia asielewe, lakini kanga akaifungua tena.

Mchana ule Hiari aliandika barua. Ilikuwa fupi. Alisema anaiondoa makala yake, kwa sababu sehemu mbili za Aina ya Nne zilipata maji kila siku bila watafiti kujua. Alisema habari ya mchwa aliiandika bila kuwaona. Kuhusu maji, aliandika hivi: "Kosa ni langu. Sikuzungushia uzio kitalu, na sikuwaeleza wafanyakazi jaribio lile lilikuwa la nini." Jina la Bi. Sikudhani hakulitaja popote.

Alimpelekea Profesa ofisini, kwenye kompyuta yake. Profesa alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili.

"Barua hii imepungukiwa sentensi moja," alisema.

Hiari alidhani anatakiwa kuandika jina la kibarua.

Profesa aliivuta kompyuta karibu, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili, akitafuta herufi moja moja. Alipomaliza akaigeuza ili Hiari asome. Ilikuwa imeandikwa: "Nami, ambaye jina langu ni la mwisho katika makala hii, niliweka jina bila kwenda shambani hata mara moja. Ningekwenda, ningeona mahali bomba lilipo."

"Profesa, hii itakuharibia jina," Hiari alisema. "Una makala zaidi ya sitini. Hakuna aliyekuuliza."

"Mimi nimebakiza miaka miwili," alijibu. "Wewe umebakiza karibu thelathini. Itume."

Hiari akaituma. Akakaa pale kwenye kiti cha wageni muda kidogo, mikono mapajani, na Profesa hakumharakisha. Alimpa tu boksi la karatasi laini, kisha akaendelea kusoma faili lake kana kwamba kila siku watu huja kulia ofisini kwake.

Asubuhi iliyofuata walikutana shambani. Hiari alikuja na ramani ya jaribio, ile iliyoonyesha kila sehemu na aina iliyopandwa. Shirima alikuja pia, ingawa hakuitwa, amebeba vijiti na kamba. Kunde zilikuwa zimeshavunwa tangu Agosti na shamba lilikuwa tupu, lakini bomba lilikuwa palepale.

"Simama ulipokuwa unasimama, mama," Hiari alisema. "Fanya kama ulivyokuwa unafanya."

Bi. Sikudhani aliona haya mwanzoni. Kisha akajaza beseni, akainama, akajifanya anasuuza. Akainuka, akapiga hatua mbili, akamwaga maji kwa mkono wa kulia kama anayemwagia kuku mtama. Yakafika sehemu ya kwanza. Akajaza tena, akamwaga mbele zaidi. Yakafika ya pili.

"Na yakibaki nilikuwa natia hapa kidogo," alisema, akimalizia sehemu nyingine iliyokuwa ubavuni. "Basi. Huko mbele sikuwahi kufika. Beseni likijaa linanivunja kiuno, ningefika wapi?"

Shirima alichomeka vijiti kila palipolowa. "Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikiwaeleza wageni wa kituo habari za nepi," alisema, na Hiari akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Walitandaza ramani juu ya majani makavu, wakaiwekea mawe pembeni. Palipolowa palikuwa sehemu tatu. Mbili zilikuwa za Aina ya Nne. Moja ilikuwa ya Aina ya Kwanza.

Hiari alitoa daftari la mavuno. Aina ya Nne iliongoza. Aina ya Kwanza ilishika nafasi ya pili. Zote mbili zilikuwa zimekunywa. Akazipigia mstari wa kalamu. Akashuka kwa kidole hadi nafasi ya tatu.

Hapo kidole kikasimama.

Nafasi ya tatu ilikuwa Aina ya Saba, ambayo kwenye makala aliipa nusu sentensi. Akaitafuta kwenye ramani. Moja ilikuwa kona ya mbali. Nyingine ilikuwa katikati ya mstari wa nyuma. Nyingine ilikuwa kandokando ya njia ya mbuzi, kwenye udongo wenye kokoto ambao hakuna aliyetaka kuupanda.

"Mama," aliuliza, "hizi za huku nyuma uliwahi kuzitilia chochote?"

"Sikuzitilia. Zile nilikuwa naziangalia kwa mbali nazihurumia tu. Lakini nakumbuka zile za kwenye kokoto zilizaa. Hazikuwa na sura, majani yamejikunja, lakini ukiinua unakuta maganda. Nilimwambia mwenzangu, hizi zina roho ngumu."

Hiari na Shirima walitazamana. Kwa mwaka mzima walikuwa wamekaa juu ya jibu, na aliyelijua ni mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Walikwenda pamoja kwa Profesa. Alisikiliza, akaangalia ramani, akaliangalia daftari kwa muda mrefu.

"Hili bado si jibu," alisema. "Kiangazi kimoja hakitoshi, na kitalu kile kimeshaingia doa. Lakini ni jambo la kurudia. Lirudie."

Mhariri wa jarida alijibu Alhamisi, mistari miwili tu. Alisema makala imeondolewa, na akamshukuru kwa kusema kabla haijachapishwa.

Ijumaa kamati ilikaa. Profesa aliwaeleza mambo yote, pamoja na kosa lake mwenyewe. Walimsikiliza kwa heshima, lakini kanuni ilikuwa kanuni. Hiari hakuongezewa mkataba wa mtafiti. Walimpa mwaka mmoja wa mtafiti msaidizi, kazi aliyoanza nayo miaka sita nyuma. Ofisi yake akapewa mwingine, naye akahamia meza ndogo ndani ya stoo ya mbegu, karibu na mizani.

Haikuwa rahisi. Wako waliomwita mjinga mbele yake, na wengine nyuma yake. Mumewe hakumlaumu. Alikuja siku moja na taa na waya, akamfungia taa juu ya ile meza, akarudi zake nyumbani na Tunu.

Mwisho wa Mei walipanda upya. Asubuhi ya kupanda, kabla ya jembe la kwanza, Hiari aliwakusanya vibarua wote kumi na mmoja kando ya shamba. Akawaambia kila kitu: kwa nini kunde zinafungiwa maji, wanatafuta nini, na mbegu itakayopatikana itakwenda kwa nani.

Bi. Sikudhani alisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Kumbe mnazitia kiu ili muijue ile inayovumilia," alisema. "Siku ile mngeniambia hivyo, hata tone nisingelitia. Ningezihurumia nikaziacha."

"Ni kweli, mama," Hiari alisema. "Tulipaswa kukwambia."

Tangu siku hiyo hakuna mlinzi aliyekuwa mkali kama Bi. Sikudhani. Beseni alilihamishia nyuma ya jengo. Mbuzi walimjua kwa sauti. Mchana mmoja Dakta Shirima alikuja bombani kunawa mikono baada ya kula, akamkuta amesimama mbele yake.

"Dakta Shirima, hayo maji yanateremkia wapi?"

"Ni ya kunawa tu, Bi. Sikudhani. Kiganja kimoja."

"Hata mimi nilianza na kiganja, baba. Nenda kanawe ofisini."

Shirima, mtafiti mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, akaenda kunawa ofisini, mikono ameinyoosha mbele ikiwa na mchuzi.

Kiangazi kile, na kilichofuata baada ya Hiari kuongezewa mwaka mwingine wa usaidizi, Aina ya Saba ilizaa katika sehemu zake zote. Makala mpya ilichukua mwaka mwingine kukubaliwa, na safari hii Bi. Sikudhani alipouliza kuhusu kikombe cha mbegu cha mama yake, Hiari alimwambia ampelekee.

Funzo: Ukikosea, sema mapema, na usitafute mtu mdogo wa kumtwisha kosa lako. Na kabla hujamlaumu mtu kwa kuharibu kazi, jiulize kama uliwahi kukaa naye ukamweleza kazi ile ni ya nini.